Nimepata ufadhili wa kusoma Uingereza, lakini nataka kwanza nikae mwaka mmoja nyumbani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 18, kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Tunaishi Umoja hapa Nairobi. Nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2025 katika shule ya bweni, nikapata A-. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, mama anauza nguo za watoto Gikomba.

Mwezi wa tatu nilipata barua ya kukubaliwa kusomea bioteknolojia katika chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza, kuanzia Septemba hii. Chuo kimenipa ufadhili wa karo yote kwa miaka mitatu. Malazi, chakula, viza na tikiti ni juu yetu. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kanisa likaunda kamati, na mwezi wa nne tukafanya harambee. Mtangazaji alisoma bahasha moja moja, "elfu mbili kutoka kwa familia ya mzee wa kanisa, mia tano kutoka kwa mama wa mboga wa kona", mimi nimesimama mbele na shada shingoni. Zilipatikana shilingi 640,000 na ahadi za 180,000. Pesa ziko katika akaunti ya kamati.

Shida ni kwamba sitaki kwenda mwaka huu. Shangazi, nimechoka. Sanduku langu la shule liko chini ya kitanda na vitabu vyote ndani, sijalifungua tangu Novemba. Chuo kilinitumia orodha ya vitabu vya kusoma kabla ya kufika. Nikiifungua kwenye simu kichwa kinaniuma. Nalala mpaka saa nne, siku nyingine saa tano. Rafiki yangu ana binamu yake Leeds anayesema huko vijana wengi hukaa mwaka mzima kabla ya kuingia chuo, wakafanya kazi na kutembea, wala hakuna anayewashangaa. Nimewaza niahirishe mpaka Septemba 2027. Nitafanya kazi kwenye saiba ya mjomba, nijifunze kuendesha gari, nimsaidie mama sokoni.

Mama amesema, "Watu watasema umenyimwa viza." Baba amesema msichana akikaa Nairobi mwaka mzima bila shule huishia na kitu kimoja kati ya viwili, mimba au simu mpya. Tangu hapo hanisemeshi. Ajenti aliyetusaidia kujaza fomu anasema nikiahirisha nitapoteza kila kitu. Mwenzangu tuliyesoma naye anasema nijiunge na chuo kikuu cha JKUAT hapa Kenya kupitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayopangia wanafunzi vyuo, nikingoja.

Jambo lingine dogo: baba anatafuta mnunuzi wa ploti yetu ya Joska ili pesa zitimie. Ndiyo ploti waliyopanga kujenga akistaafu. Hakuniambia. Nilimsikia akizungumza na broka kwa simu usiku.

Nifanyeje?

Niliyechoka, Umoja

*

Marahaba mwanangu.

Umeandika kwa kirefu juu ya uchovu, kisha habari ya ploti ya Joska ukaitia mwishoni, eti jambo dogo. Mimi barua yako nimeisoma kuanzia hapo mwishoni. Sina shaka kwamba umechoka, na nitalifikia hilo. Lakini nahisi uchovu huo ungekuwa nusu yake lau hukuisikia ile simu ya usiku. Mtoto akijua kwamba nyumba ya uzeeni ya wazazi wake inauzwa ili yeye apande ndege, atatafuta kila sababu ya kutopanda. Kungoja mwaka mmoja kunakuwa njia ya adabu ya kumwambia baba asiuze bila kumtamkia. Bahati mbaya, hakutamzuia. Ploti isiyouzwa mwaka huu itauzwa mwaka ujao, tena pengine kwa pupa na kwa bei ya broka, msipoketi mkazungumza. Kwa hiyo hapo nyumbani mna mashauri mawili, la mwaka na la ploti. Usiyafunge kwenye kifurushi kimoja.

Sasa uchovu. Watu wazima wakimsikia mtoto wa miaka 18 akisema amechoka hucheka. Nyinyi mliofanya KCSE ya 2025 siwacheki. Shule zilipofungwa Machi 2020 mlikuwa darasa la saba, mkakaa nyumbani mpaka Januari 2021. Kisha serikali ikaanza kufidia muda uliopotea kwa migongo yenu: likizo zikawa za kuvua viatu na kuvivaa tena, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mkaifanya Machi 2022, na mwezi wa Mei mwaka huohuo mkawa mmekwisharipoti kidato cha kwanza. Kidato hicho mlikimaliza Novemba. Tangu hapo ni kengele za alfajiri, prepu za usiku na mitihani ya majaribio juu ya mitihani ya majaribio. Wazazi wako waliyaona hayo yote yakipita, ila yalipita polepole kiasi kwamba hayakuwashtua. Waambie kwa tarehe, kama nilivyozitaja hapa. Baba yako ni mwalimu, kalenda ile anaijua kuliko mimi na wewe.

Lakini pia nikuulize jambo. Umetoka shule Novemba, na sasa umekaa nyumbani nusu mwaka. Kama usingizi wa miezi yote hiyo haujakutoa uchovu, kwa nini unadhani miezi mingine kumi na miwili itautoa? Kuna uchovu unaokwisha mtu akilala, na kuna ule unaozidi kadiri anavyolala. Ukiona hamu ya chakula imepotea, unalia pasipo sababu, marafiki wanakuchosha na hata vile ulivyovipenda havikuvutii, huo si uchovu wa shule tena. Nenda ukazungumze na mshauri nasaha, au piga simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199. Fanya hivyo mapema, kabla hujaamua lolote la chuo, maana mambo mengine haya yote yanataka kichwa kilichotulia.

Kuhusu kungoja kwenyewe, mama na baba wanalitazama kama jambo la kigeni lililoletwa na binamu wa Leeds. Waulize vizuri. Nchi hii ilikuwa ikingojesha watoto wake miaka nenda miaka rudi. Miaka ya 1980 waliofaulu kuingia chuo kikuu walipelekwa kwanza Gilgil kwa mafunzo ya NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, wakakimbizwa huko na kufundishwa gwaride kabla ya kuona ukumbi wa mihadhara. Baadaye vyuo vya umma vilielemewa na mrundiko wa wanafunzi, na waliofanya mtihani wakawa wanakaa nyumbani karibu miaka miwili kabla ya kuitwa. Mrundiko huo haukwisha mpaka vyuo vilipoanza kuchukua makundi mawili kwa mpigo mwanzoni mwa miaka ya 2010. Katika kungoja huko wengi walifundisha shule za kijijini bila kusomea kazi, wale tuliowaita walimu wa UT. Ningeweka dau kwamba baba yako ana hadithi ya UT. Mwombe akusimulie, tena jioni, akishakunywa chai. Mtu akisimulia mwaka wake wa kungoja huwa mgumu kuutukana wa mwenzake.

Na binamu wa Leeds hakudanganya. Uingereza jambo hilo ni la kawaida, na hata Marekani: Malia Obama, ambaye babu yake alitoka Kogelo, alimaliza shule mwaka 2016 na akaingia Harvard 2017. Mtajie mama huyo, atakuelewa haraka. (Asichokuwa nacho Malia ni kamati ya kanisa yenye mweka hazina, lakini hilo usilitaje.)

Kuna hesabu moja wewe na binamu hamjaipiga. Kijana wa Uingereza humaliza mitihani yake Juni na chuo kikamwita Septemba, hivyo akisema anapumzika mwaka, ni mwaka. Wewe ulimaliza Novemba. Mpaka Septemba hii utakuwa umekaa miezi kumi bila darasa. Kalenda ya Kenya imekupa mapumziko bila kukuuliza. Ukiahirisha mpaka Septemba 2027 itakuwa miezi ishirini na miwili. Hapo ndipo hofu ya baba yako inapoanza kuwa na mantiki, japo aliitamka kwa maneno yasiyompendeza binti. Miezi ishirini na miwili bila mpango ni mirefu, na saiba ya mjomba si mpango.

Tuje sasa penye shina la shauri lote, ambapo nashangaa hakuna mtu nyumbani kwenu aliyeuliza: je, ufadhili utakungoja?

Nafasi ya chuo na ufadhili ni vitu viwili, na mara nyingi hutolewa na ofisi mbili tofauti chini ya paa moja. Vyuo vingi vya Uingereza hukubali mtu aahirishe kwa mwaka mmoja, akiomba mapema na akiwa na sababu ya kueleweka. Ni ombi la kawaida, hujibiwa kila mwaka. Lakini ufadhili mwingi huwa wa wanaoanza mwaka fulani. Ukiahirisha, kiti chako kinaweza kubaki na pesa zikaenda kwa mwingine, nawe ukaambiwa uombe upya pamoja na watoto wa KCSE ya 2026. Karo ya mwanafunzi wa kigeni huko ni mamilioni ya shilingi kwa mwaka. Ploti ya Joska haiwezi kuilipa.

Kwa hiyo leo au kesho, kabla hujabishana na mtu yeyote, waandikie watu wa udahili na uwape nakala watu wa ufadhili. Tumia anwani ya barua pepe iliyo kwenye barua yako ya kukubaliwa, si ya ajenti. Andika kwa Kiingereza chako kizuri, na maana yake iwe hii: "Nimekubaliwa kuanza Septemba 2026 na nimepewa ufadhili wa karo. Kabla sijafanya uamuzi ningependa kujua: naweza kuahirisha mpaka Septemba 2027? Nikiahirisha, ufadhili wangu utahamia mwaka huo ukiwa uleule, au nitalazimika kuuomba upya? Mwisho wa kuomba kuahirisha ni lini? Kuna jambo lolote ninalokatazwa kufanya katika mwaka huo?" Basi. Usiseme umechoka, usieleze ploti, wala usiandike kwamba unaahirisha. Unauliza tu, na kuuliza hakukupotezei kitu. Wakikujibu ndiyo, hakikisha neno "ufadhili" limo ndani ya jibu lao kwa maandishi. Jibu linalosema tu kwamba nafasi yako ipo halijakujibu.

Ajenti je? Maajenti wengi hulipwa kamisheni na vyuo mwanafunzi akishasajiliwa. Ukichelewa mwaka, na kamisheni yake inachelewa mwaka. Huenda ni mtu mwema, simjui, lakini katika shauri hili ana maslahi yake.

Uamuzi wangu ni huu, na sitauzungusha. Wakisema ufadhili unahamia 2027 bila masharti mapya, ngoja, ikiwa bado unataka kungoja baada ya kuzungumza na wazazi. Wakisema hauhami, nenda Septemba hii, na uchovu wako mkononi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na karo ya miaka mitatu iliyolipwa ni mbacha mzuri sana. Utachoka huko, ndiyo. Utakuwa umechoka ukiwa na masomo yaliyolipiwa.

Nizungumzie pesa, maana kuna mambo ambayo kamati ya kanisa huenda haijui na yanaweza kuwaangusha mkienda mwaka huu au ujao. Kwa viza ya mwanafunzi, Uingereza inataka uoneshe kwamba una fedha za kuishi: hivi sasa ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London, kwa miezi tisa, yaani pauni 10,539. Ukihesabu pauni moja kwa shilingi 170, ni takriban milioni 1.8. (Kiwango hicho hupandishwa, kwa hiyo kiangalie tena wiki utakayoomba.) Pesa hizo lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Na akaunti iwe yako au ya wazazi wako. Ikiwa ya wazazi, unaambatisha cheti cha kuzaliwa na barua yao ya kukubali zitumike. Akaunti ya kamati haihesabiwi. Ya mjomba haihesabiwi. Familia huangushwa na jambo dogo kama hili: harambee imefana, pesa zipo, lakini zimeingia akaunti ya baba wiki mbili kabla ya kuomba viza, au siku ya ishirini mama ametoa elfu thelathini kununua balo la nguo akidhani atazirudisha Jumatatu.

Juu ya hizo kuna ada ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Kwa kozi ya miaka mitatu peke yake inafika au kupita shilingi laki nne. Halafu ada ya viza yenyewe, kipimo cha kifua kikuu, tikiti, na koti la baridi ambalo afadhali mama alitafute Gikomba.

Sasa weka mezani mlichonacho: 640,000, na ahadi za 180,000. Ahadi za harambee unazijua. Ukipata nusu mshukuru Mungu. Pengo linapita milioni moja na nusu. Ndiyo maana baba anampigia broka usiku. Hauzi ploti kwa sababu haipendi. Amepiga hesabu hii peke yake na ameona aibu kuileta mezani.

Isomeni pamoja. Mwambie ulisikia ile simu. Mwambie kwa upole, bila "kwa nini hukuniambia", kisha muulize mambo mawili. La kwanza: ploti ikiuzwa ikalipa mwaka wa kwanza, wa pili utalipwa na nini? Utaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wengi huishi hivyo, lakini pesa utakazokuja kuzipata huko hazihesabiwi kwenye viza, na hazipatikani wiki ya kwanza. La pili: amewahi kuuliza Sacco yake? Mwalimu aliyeweka akiba miaka mingi kwa kawaida anaweza kukopa mara kadhaa ya akiba yake akiwa na wadhamini, akalipa polepole kwenye mshahara, na ploti ikabaki na jina lake. Mkopo nao una meno, sikufichi. Lakini mkopo una tarehe ya kwisha. Joska, kwa jinsi bei za ardhi zinavyopanda upande ule wa Barabara ya Kangundo, hutainunua tena kwa mshahara wa mwalimu. Mwisho wa yote ploti ni yao, na wakiamua kuuza baada ya kuyapima haya, wewe pokea. Mzazi akiamua kwa hiari yake kumwekeza mtoto, mtoto hana ruhusa ya kubeba hatia juu yake.

Hapo utaona kwamba mwaka wa kungoja, kama ufadhili unahama, unaweza kuwa na faida usiyoitaja kwenye barua yako: kukusanya pengo bila pupa. Ahadi zinalipwa, baba anakopa kidogo badala ya kuuza, wewe unaweka akiba. Ila shilingi nayo haingoji kwa adabu. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka karibu na 130. Ilikuwa ni neema kwa waliolipa mwezi wa saba na balaa kwa waliolipa Januari. Zaidi ya hayo, sheria za viza za Uingereza zimekuwa zikibadilishwa kila kukicha, na hakuna anayeweza kukuahidi za 2027. Mwaka wa kungoja una bei yake. Baba akilitaja hilo atakuwa amesema kweli.

Habari ya JKUAT nitaipitia haraka. Kuomba nafasi KUCCPS ni busara, iwe akiba ya mkononi viza ikikwama. Kujiunga na kuanza masomo ni jambo lingine. Vyuo vingi vya Marekani, vikimruhusu mtu kungoja, humkataza kusoma digrii kwingine katika mwaka huo. Akikiuka hupoteza nafasi au huhesabiwa kama anayehama chuo, na ufadhili wa wanaoanza ukamponyoka. Cha kwako ni cha Uingereza, lakini masharti ya ufadhili husomwa mstari kwa mstari, na ndiyo sababu nimekuwekea lile swali la mwisho kwenye barua pepe. Usisajiliwe popote kabla halijajibiwa.

Ukingoja, ninataka kuona mpango wenye majina na tarehe, ulioandikwa, umebandikwa ukutani ambapo baba anapita. Kazi yenye malipo, hata kama ni ya saiba, na mjomba aseme ni shilingi ngapi. Bioteknolojia ni maabara. Tembea uulizie mafunzo ya kazi au kujitolea kwenye maabara ya hospitali au taasisi ya utafiti, ukajifunze hata kuosha vyombo vya kupimia na kuandika lebo. Jihadhari na wale wanaotoza pesa ili ujitolee. Udereva ni sawa. Kumsaidia mama sokoni ni sawa pia, lakini si kila siku, maana soko humeza mtu, na ifikapo Desemba mtakuwa mmesahau kama ulikuwa na safari. Kipimo cha kifua kikuu usikifanye sasa, cheti chake hudumu miezi sita tu. Pasipoti lakini ichukue mapema hata ukingoja. Ya kurasa 34 ni shilingi 7,550 kupitia eCitizen. Na upite shuleni kwenu uulizie cheti chenyewe cha KCSE kama kimefika, usitegemee karatasi ya matokeo pekee. Kama kuna salio la karo, afadhali mlijue leo kuliko Agosti.

Ukienda Septemba hii, basi pumzika sasa kwa makusudi. Kulala mpaka saa tano ukiwa na hatia siko kupumzika. Wiki mbili nenda ushago kwa nyanya, simu uiache nyumbani ukiweza. Ile orodha ya vitabu iache mpaka Julai. Wanaofika wakiwa wameisoma yote ni wachache kuliko unavyodhani.

Limebaki kanisa, na hofu ya mama kwamba watu watasema umenyimwa viza. Watasema, mama yako anawajua. Dawa ni kuwatangulia. Mkiamua kungoja, baba na mama waende wote wawili kwa mwenyekiti wa kamati kabla habari haijafika kwake kupitia kwa jirani, wakiwa na jibu la chuo lililochapishwa. Wapendekeze pesa zibaki benki zikizaa kidogo, kwa mfano kwenye hati za Hazina za siku 364 zinazouzwa na Benki Kuu, au popote kamati itakapoona ni salama, lakini si kwenye mfuko wa mtu. Mchungaji atangaze Jumapili kwa sentensi mbili: safari ni Septemba 2027, chuo kimekubali. Anayetaka mchango wake arudishiwe bila kuulizwa sababu, hata mama wa mboga na mia tano yake. Watakaodai watakuwa wachache, lakini ni haki yao, kwa sababu walichangia safari ya mwaka huu. Mweka hazina asome taarifa ya benki mbele ya kamati siku hiyohiyo, na nakala moja mkae nayo nyumbani.

Lakini kwa mwenyekiti msiende kabla chuo hakijajibu. Barua pepe kwanza.

Shangazi